Meza Moja, Ramani Nyingi: Makanisa ya Afrika Mashariki na Safari ya Umoja

Mwezi Juni 1913 viongozi wa misheni za Kiprotestanti katika himaya ya Waingereza ya Afrika Mashariki walikutana Thogoto, karibu na Kikuyu, kwenye kituo cha wamisionari wa Scotland. Walijadili jambo ambalo makanisa mama ya Ulaya yalikuwa bado hayajathubutu kulifanya: kuunda shirikisho la makanisa yao, kwa nia ya kufikia siku moja kanisa moja la Waafrika. William Peel, askofu wa Kianglikana wa Mombasa, alikuwa mwenyekiti, na J. J. Willis, askofu wa Uganda, alikuwa katibu. Pamoja nao waliketi Wapresbiteri, Wamethodisti wa pwani, wamisionari wa Africa Inland Mission, na Marafiki wa Kaimosi, ambao ibada yao haina ubatizo wa maji wala mkate na divai. Kuwakusanya watu wa aina hiyo chini ya paa moja kulikuwa tayari ni kazi.

Haja ya mkutano haikutoka vitabuni. Reli ya kutoka Mombasa ilikuwa imefika ziwani mwaka 1901, na watu walikuwa wameanza kusafiri kutafuta kazi. Kijana aliyebatizwa na Wapresbiteri Kikuyu akaenda kuajiriwa Mombasa alikuta kanisa la Kianglikana lisilojua limhesabu kama nani. Amekwisha kubatizwa, lakini hakuwekewa mikono na askofu. Je, asogee mezani au abaki nyuma pamoja na wanafunzi wa ubatizo? Mafundisho ya kabla ya ubatizo yalichukua muda mrefu kwa wengine na mfupi kwa wengine, na aliyefungiwa meza kwa kosa la ndoa katika kituo kimoja aliweza kupokewa kituo cha jirani bila kuulizwa.

Mpango uliotoka Kikuyu ulijibu matatizo hayo moja moja. Makanisa yangekubali msingi wa pamoja: Maandiko Matakatifu, Kanuni ya Imani ya Mitume na ile ya Nisea, ubatizo na Meza ya Bwana. Kila misheni ingekuwa na eneo lake, wala nyingine isingeingia humo. Masharti ya kubatizwa yangelingana, nidhamu ya kanisa moja ingeheshimiwa na mengine, na Mkristo anayehama angepokewa ugenini kwa barua ya kanisa lake. Mwisho wa mkutano Peel aliongoza ibada ya Ushirika Mtakatifu kwa utaratibu wa Kianglikana ndani ya kanisa la Wapresbiteri, na wajumbe wengi wasio Waanglikana wakapokea mkate na kikombe mikononi mwake.

Ibada hiyo moja ndiyo iliyowasha moto. Frank Weston, askofu wa Unguja, hakuwa Kikuyu. Dayosisi yake ilikuwa ya UMCA, shirika la Waanglikana waliothamini misa, ubani, maungamo na desturi nyingi ambazo Waprotestanti wenzao waliziona za Kirumi. Weston aliandika waraka wa wazi uliochapishwa mwaka huohuo, akawashitaki Peel na Willis kwa Askofu Mkuu wa Canterbury, Randall Davidson, kwa kosa la uzushi na kuleta mafarakano. Mzozo wa Kikuyu ukawa habari ya magazeti ya London. Ni vigumu leo kuamini kwamba, katika miezi ya mwisho kabla ya vita kuu, wasomi wa Uingereza walirushiana maneno juu ya ibada moja iliyofanyika kwenye kijiji cha Kenya.

Hoja ya Weston haikuwa chuki. Kwa Mkatoliki, Mwothodoksi na Mwanglikana wa mrengo wake, askofu si meneja wa wachungaji. Ni kiungo katika mnyororo wa kuwekewa mikono ambao wanaamini unarudi hadi kwa mitume, na kuhani hupata mamlaka ya kuadhimisha Ekaristi kwa kuwekwa wakfu na askofu wa mnyororo huo. Mpresbiteri huliona jambo hilo kwa namna tofauti. Kwake mamlaka yamo katika baraza la wazee, mchungaji anawekwa na wachungaji wenzake, na urithi wa mitume ni kulishika fundisho lao. Mlutheri husimama katikati: anaweza kuwa na askofu au asiwe naye, mradi Injili inahubiriwa sawasawa na sakramenti zinatolewa ipasavyo. Mkweka, yaani mmoja wa Marafiki, hana mchungaji wa kuwekwa wakfu kwa maana yoyote kati ya hizo. Kwa hiyo watu wote waliokuwa Kikuyu waliweza kukiri imani ileile kwa Mungu Baba, Mwana na Roho Mtakatifu, na bado wakashindwa kukubaliana ni nani mwenye haki ya kuinua kikombe. Tofauti kubwa za madhehebu, hata leo, hulala hapo zaidi kuliko kwenye swali la Kristo ni nani.

Jibu la Davidson lilitoka mwaka 1915, baada ya kushauriana na jopo la maaskofu. Mgeni aliyebatizwa katika kanisa jingine angeweza kukaribishwa mezani kwa Waanglikana kwa idhini ya askofu, lakini Mwanglikana asipokee kwa mchungaji asiyewekwa na askofu, na ibada za pamoja kama ile ya Kikuyu ziachwe. Wenye mzaha walifupisha uamuzi huo hivi: ibada ilimpendeza Mungu sana, na isirudiwe kamwe.

Weston mwenyewe anastahili kutendewa haki. Wakati wa vita aliongoza kikosi cha wapagazi wa Unguja akitembea pamoja nao, na mwaka 1918, mkutano wa pili ulipoitishwa Kikuyu, alifika. Alikuja na pendekezo lake: wachungaji wa makanisa yasiyo na maaskofu wakubali kupokea kibali cha maaskofu, naye kwa upande wake yuko tayari kusimama mbele ya mikutano yao na kupokea kibali chao. Wajumbe hawakulichukua. Wazo kama hilo, la kila upande kupokea kitu kutoka kwa mwenzake, liliingia katika wito wa umoja uliotolewa na maaskofu wa Kianglikana duniani kwenye mkutano wa Lambeth mwaka 1920, ambako Weston alikuwamo.

Kilichopatikana mwaka 1918 kilikuwa kidogo kuliko shirikisho: Umoja wa misheni nne, yaani CMS ya Waanglikana, Kanisa la Scotland, Africa Inland Mission na Wamethodisti, wa kushirikiana katika kazi bila kugusa suala la meza. Umoja huo ulizaa Alliance High School, iliyofunguliwa Kikuyu mwaka 1926, shule ambayo wanafunzi wake walikuja kushika nafasi nyingi za juu katika serikali ya Kenya huru. Wanaotafuta matokeo ya mkutano wa Kikuyu huangalia mambo ya kanisa na kukosa kuona kwamba tunda lake lililo wazi kuliko yote lilikuwa darasa.

Tunda la pili halikukusudiwa. Kugawana maeneo kulizuia magombano, lakini kuliyafungamanisha madhehebu na makabila. Kenya ya kati iligawanywa kati ya Wapresbiteri, Waanglikana na AIM. Ukambani ikawa ya AIM. Meru ikawa ya Wamethodisti. Magharibi, Marafiki walishika Kaimosi na jirani zake, huku Waanglikana wakishika Maseno na Butere. Tanganyika ilikuwa na mipaka yake tangu enzi za Wajerumani. Mwaka 1891 Wamoravian na Walutheri wa Berlin waligawana nchi ya kaskazini mwa Ziwa Nyasa, Wamoravian magharibi kwa Wanyakyusa wa Rungwe, Waberlin mashariki kwa Wakinga na Wabena. Walutheri wa Leipzig walichukua Uchagani, wenzao wa Bethel wakachukua Usambara, Waanglikana wa UMCA wakawa Magila na Masasi, na wale wa CMS wakawa Ugogo na Ukaguru. Kwa hiyo mtu wa Kyela akijiita Mmoravian na mtu wa Meru akijiita Mmethodisti, mara nyingi wanataja mstari uliochorwa na wageni kabla babu zao hawajazaliwa. Haimaanishi kwamba imani yao ni hafifu. Dhehebu lililopokewa hivyo lilitiwa lugha ya mama, nyimbo, shule na hospitali ya nyumbani, likawa la watu wenyewe, na hiyo ndiyo sababu haliachwi kirahisi hata pale ambapo hakuna anayekumbuka hoja za Ulaya, za Geneva au Herrnhut, zilizolizaa.

Wakatoliki hawakuwamo katika mapatano hayo. Kwao Kanisa lilikuwa moja tayari, na wamisionari wao walifungua vituo popote walipoweza: Mapadri wa Roho Mtakatifu Bagamoyo mwaka 1868 na Kilema mwaka 1891, Mapadri Weupe Tabora na maeneo ya maziwa, Wabenediktini Peramiho na Ndanda. Mlimani Kilimanjaro, kulikokuwa na kituo cha Kilema, Walutheri walifika Machame mwaka 1893, na tangu hapo kengele za pande mbili zimekuwa zikisikika kwenye mteremko uleule. Uhusiano wa pande hizo kwa miaka mingi ulikuwa wa ushindani wa shule na waongofu, wenye maneno makali pande zote.

Uganda ilikuwa imetangulia kuonyesha ushindani huo unaweza kufika wapi. CMS walifika kwa Kabaka mwaka 1877, Mapadri Weupe mwaka 1879. Kati ya mwaka 1885 na 1887 Kabaka Mwanga aliwaua vijana wa ikulu waliokataa kuiacha imani, Wakatoliki na Waanglikana pamoja, wengi wao wakichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Miaka sita tu baadaye, Januari 1892, Waganda wa vyama viwili vilivyojiita kwa majina ya Wafaransa na Waingereza, yaani Wakatoliki na Waprotestanti, walipigana kwa bunduki Mengo. Wafiadini 22 wa Kikatoliki walitangazwa watakatifu na Papa Paulo VI mwaka 1964, naye katika mahubiri yake aliwataja pia Waanglikana waliokufa pamoja nao. Namugongo leo kuna mahali pawili pa hija, pa Wakatoliki na pa Waanglikana, na kila tarehe 3 Juni mahujaji hujaa kote kuwili.

Palipokuwa rahisi zaidi kukutana ni kwenye Biblia, ingawa hata hapo haikuwa mara moja. Mwanzoni mwa karne ya 20 Wakristo wa Kiswahili walikuwa na Biblia ya Kiunguja, iliyotokana na kazi ya Askofu Edward Steere na wenzake wa UMCA, na nyingine ya Kimvita iliyotengenezwa na CMS Mombasa. Mwaka 1937 ikaongezeka ya tatu, ya Karl Roehl, Mlutheri wa Kijerumani aliyejitahidi kupunguza maneno yenye asili ya Kiarabu. Mhubiri wa Mombasa akifika Unguja alisoma aya ambayo wasikilizaji wake walikuwa nayo kwa maneno mengine. Kiunguja kilipochaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, njia ya kuunganisha ilifunguka. Agano Jipya la pamoja lilitoka mwaka 1950 na Biblia nzima, ile iitwayo Union Version, mwaka 1952. Katika miaka ya 1990 ilifuata Biblia Habari Njema, iliyotafsiriwa na Wakatoliki na Waprotestanti kwa pamoja, ikiwa na toleo lenye vitabu ambavyo Wakatoliki huvihesabu katika Agano la Kale na Waprotestanti hawavihesabu. Pamoja na kitabu cha Tenzi za Rohoni, ambacho kwaya za madhehebu mengi huimba bila kuuliza kimetoka kwa nani, Biblia ya 1952 imewaunganisha Waprotestanti wa Kiswahili kuliko kikao chochote cha maaskofu.

Nguvu nyingine ilitoka chini. Uamsho ulioanza Gahini, Rwanda, na Uganda katika miaka ya 1930, ukiwahusisha watu kama Simeoni Nsibambi na daktari Joe Church, ulivuka mipaka yote iliyochorwa na misheni. Waliookoka, Balokole kwa Kiganda, walikutana kuungama dhambi hadharani na kutembea nuruni, wakaimba wimbo wao wa Tukutendereza kutoka Kigezi hadi Bukoba, Dodoma na Murang'a. Mwanglikana, Mlutheri, Mpresbiteri na Mmenonite waliitana ndugu, na jambo la maana ni kwamba wengi wao walibaki katika makanisa yao. Uamsho ulileta umoja wa watu bila kuomba umoja wa ofisi. Maaskofu kadhaa wa kizazi cha uhuru walitoka humo, akiwemo Josiah Kibira wa Bukoba, Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Shirikisho la Walutheri Duniani, aliyechaguliwa katika mkutano wa Dar es Salaam mwaka 1977.

Umoja wa ofisi ulijaribiwa tena wakati wa uhuru. Kwanza ndani ya kila dhehebu. Mwaka 1960 dayosisi za UMCA na za CMS za Kenya na Tanganyika ziliwekwa katika jimbo moja la Kianglikana chini ya Askofu Mkuu Leonard Beecher. Mwaka 1970 jimbo likagawanyika kwa nchi, John Sepeku akiongoza Tanzania na Festo Olang' akiongoza Kenya. Tanzania ndiyo iliyorithi tofauti yote ya UMCA na CMS: ndani ya kanisa moja, Mwanglikana wa Masasi huenda akaona ubani na kupiga ishara ya msalaba kuwa mambo ya kawaida, wakati mwenzake wa Dodoma huyashangaa. Tarehe 19 Juni 1963 makanisa saba ya Kilutheri, yaliyotoka kwa misheni za Kijerumani, Kiskandinavia na Kimarekani, yaliungana kuwa kanisa moja linalojulikana leo kama KKKT, likiongozwa na Stefano Moshi wa Kilimanjaro. Dayosisi zake zilibaki na uhuru mkubwa na hata mavazi ya ibada yalitofautiana.

Mazungumzo ya kuunganisha madhehebu yenyewe yalikuwa jambo jingine. Kuanzia mwanzo wa miaka ya 1960 Waanglikana, Walutheri, Wamethodisti, Wamoravian na Wapresbiteri wa Kenya na Tanganyika waliketi kupanga kanisa moja la Afrika Mashariki, wakiangalia mfano wa Kanisa la India Kusini lililoundwa mwaka 1947. Walifika hadi kutoa liturujia ya pamoja. Kabla ya miaka ya 1960 kwisha mazungumzo yakafa. Swali la askofu na mnyororo wake lilirudi. Walutheri, waliotoka tu kuungana wao kwa wao, hawakuwa na hamu ya kuyeyuka tena, na nchi zilizokuwa zimetarajia shirikisho la kisiasa ziliachana, kila moja ikashika njia yake. Kilichosalia ni taasisi. Chuo cha Mtakatifu Paulo, Limuru, ambacho tangu miaka ya 1950 kiliwafundisha pamoja wachungaji wa Kianglikana, Kipresbiteri na Kimethodisti, kiliendelea na mwaka 2007 kikawa chuo kikuu.

Kongo ilipata umoja kwa amri. Sheria ya mwisho wa mwaka 1971, chini ya Mobutu, ilitambua makanisa matatu tu: Katoliki, Kimbangu, na Kanisa la Kristo ambamo Waprotestanti wote walilazimika kuingia kama jumuiya. Ndani ya paa hilo Wabaptisti, Wapentekoste, Wamethodisti na wengine waliendelea kuabudu kama zamani, na hadi leo Mkristo wa Goma au Bukavu hutaja jumuiya yake pamoja na namba yake, kama vile CEPAC ya 8. Ni umoja ambao haukugharimu mjadala wowote wa imani.

Wapo pia ambao hawakualikwa mezani tangu mwanzo. Katika mzozo wa tohara ya wanawake wa mwaka 1929 maelfu ya Wakikuyu waliyaacha makanisa ya misheni na kuanzisha yao pamoja na shule zao. Sehemu yao walitafuta ukasisi nje ya Wazungu wa Kenya na hatimaye wakapokewa na Patriarki wa Kiothodoksi wa Alexandria, ndiyo maana Nairobi ina waamini wa Kiafrika wa kanisa la kale la Mashariki. Upande wa Nyanza, Johana Owalo alikuwa amekwisha kuanzisha kanisa la Nomiya mapema katika karne hiyo. Makanisa ya namna hii yalianza kuwa na shirika lao la bara mwaka 1978. Yalipokuwa yakihesabiwa kama mafarakano, wachache waliuliza kama si misheni zilizofarakana nayo kwanza.

Upande wa Katoliki mlango ulifunguliwa na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ambao tarehe 21 Novemba 1964 ulitoa hati juu ya umoja wa Wakristo na kuwaita wasio Wakatoliki ndugu waliotengana. Laurean Rugambwa, askofu wa Bukoba, kardinali tangu 1960 na Mwafrika wa kwanza kuwa kardinali, alikuwa miongoni mwa mababa wa mtaguso huo. Tarehe 31 Oktoba 1999, Augsburg, Wakatoliki na Walutheri walitia saini tamko la pamoja kuhusu kuhesabiwa haki kwa imani, hoja iliyokuwa imewatenga tangu Luther. Nchini Tanzania ushirikiano ulishuka kwenye mambo ya mikono: mwaka 1992 Baraza la Maaskofu Katoliki na Jumuiya ya Kikristo Tanzania, iliyo ya Waprotestanti, ziliunda Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii ili kuzungumza na serikali kwa sauti moja juu ya hospitali na shule. Mgonjwa anayelazwa katika hospitali teule ya wilaya haulizwi cheti cha ubatizo.

Hali ilivyo sasa inaonekana vizuri zaidi kwenye familia zenye madhehebu mawili, nazo ni nyingi. Mkatoliki akifunga ndoa na Mlutheri anahitaji ruhusa ya askofu wake, na Kanisa Katoliki linautambua ubatizo wa mwenzake uliofanywa kwa maji na kwa jina la Utatu, hivyo hatabatizwa upya hata akiamua kuhamia upande huo. Kwa Mbaptisti na Mpentekoste ni tofauti: aliyenyunyiziwa maji akiwa mchanga bado hajabatizwa, na akijiunga nao atazamishwa. Siku ya Jumapili wanandoa hao wanaweza kusali Baba Yetu na kuimba pamoja, na Walutheri, Waanglikana na Wapresbiteri kwa kawaida humkaribisha mezani mgeni aliyebatizwa, lakini Mkatoliki haruhusiwi kupokea hapo, na mwenzake wa Kilutheri hapewi komunyo katika misa isipokuwa kwa hali chache sana kama hatari ya kifo. Hati ya Lima ya mwaka 1982, iliyoandikwa na wanateolojia wa Baraza la Makanisa Ulimwenguni wakiwa pamoja na Wakatoliki na Waothodoksi, iliyaleta makanisa karibu katika suala la ubatizo na kwa kiasi katika Ekaristi. Katika sehemu yake ya tatu, inayohusu huduma na daraja, ndipo majibu ya makanisa yalipotofautiana zaidi, na kuwekwa wakfu kwa wanawake, kulikokubaliwa na Walutheri na Wapresbiteri na kukataliwa na Roma na Waothodoksi, kumeongeza umbali ambao mwaka 1913 hakuna aliyekuwa ameufikiria.